Mikono ya Fundi Kioo

Wateja walimwita Fundi Kioo, kwa kuwa simu iliyopasuka uso ikipita mikononi mwake ilirudi kwa mwenyewe kama haijawahi kuanguka. Mdomo nao haukuwa nyuma. "Uliikalia au mligombana?" humwuliza mteja, na duka zima hucheka. Simu yake mwenyewe haikukaa wiki ikiwa nzima, maana kipuri kikikosekana alikinyofoa humo. Kwa hiyo namba aliyoacha hospitali ilikuwa ya mama yake.

Hospitali alipelekwa na ganzi ya vidole, kisha mguu mzito, kisha jicho lililofifia. Daktari alipomweleza alielewa mara moja: mishipa ya fahamu ina ganda kama waya wa chaja, na kinga ya mwili wake ilikuwa inalimenya. Tiba ilikuwepo. Wangevuna seli shina katika damu yake, waifute kinga hiyo iliyopotoka kwa dawa kali, kisha wamrudishie seli zijenge kinga mpya. Ganda lililokwisha halirudi, ila lililobaki lingeokoka. Tatizo, dawa ile ingeweza kumfunga uzazi.

"Bora mikono," alisema papo hapo, mama akiwa kando yake. Daktari akaahidi kupiga simu nafasi ikipatikana.

Akangoja. Kila mama aliposhika simu, moyo ulimruka. Mama akamkanda miguu, akamwambia avumilie, na yeye akavumilia kama mjinga.

Aliporudi kwa daktari, yeye na mama, alikuwa anatembelea gongo.

"Tumechelewa, dada. Sasa mishipa yenyewe inakufa, seli hazitasaidia. Mwaka jana tulipokupigia ungekubali tu..."

"Mlimpigia nani?"

"Wewe. Ulisema umebadili nia, unataka kuzaa kwanza."

Alimgeukia mama. Mama alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya mtandio.

"Nilitaka nikuone na mtoto, mwanangu. Nikifa nikuache na nani?"

"Ukajifanya mimi?"

"Nimekuzaa mimi."

"Na mimi je, mama? Mimi sikuwa mtoto?"

Mama akajifuta macho kwa mtandio. Fundi Kioo aliumia kuliko siku alipoambiwa ugonjwa wenyewe. Akainuka aende zake, amwache pale pale na machozi yake, na nani angemlaumu? Mguu ukagoma. Gongo likateleza, na bega lililowahi kumdaka lilikuwa la mama. Alichukia kulishika, na hakuliachia mpaka getini.