Kitabu Nilichokisafisha

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyorudisha kitabu cha watu huku nikijipongeza njia nzima kwa jinsi nilivyokiharibu.

Nilikuwa mwalimu kijana hapa Dodoma, mgeni kutoka mikoa ya kusini, na shahada yangu ilikuwa bado inanuka wino. Wenzangu walikusanya kanda za muziki. Mimi nilikusanya riwaya za zamani za Kiingereza, zile zenye majalada magumu na picha za wino mweusi, kila picha imefunikwa karatasi nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Nilizipata kwa watumishi waliohama, kwa wauza vitabu chakavu, na mara moja kwa muuza karanga aliyekuwa anazichana kufungia bidhaa yake. Nilijiona mlinzi wa ustaarabu, na sikumbuki kama kuna aliyeniomba kazi hiyo.

Mwalimu mwenzangu, Nyemo, ndiye aliyeniambia kwamba mama yake kule Makutupora anacho kimoja. Mama huyo, Bibi Sechelela, aliwahi kumpikia muuguzi Mwingereza, na muuguzi alipoondoka alimwachia kitabu. Nilikwenda Jumamosi iliyofuata. Kilikuwa na jalada la kijani lenye maua ya dhahabu na picha ishirini na nne, hakuna hata moja iliyong'olewa.

"Chukua ukisome," Bibi aliniambia. "Lakini tukianza kuchuma zabibu, nikione hapa."

Kasoro ilikuwa moja tu. Chini ya kila picha na pembeni mwake kulikuwa na maandishi ya penseli, mistari imebanana kama siafu, kwa Kigogo. Kigogo sikukijua. Msomi asipoelewa kitu, mwanangu, hutafuta haraka sababu ya kukidharau, nami nikaamua kuwa ni michoro ya watoto. Nilinunua ufutio mpya, nikanunua na mkate, maana nilikuwa nimesoma mahali kwamba nyama laini ya mkate huondoa penseli bila kukwaruza karatasi. Nilifuta kwa majuma mawili. Moyoni nilikuwa na hila ndogo: Bibi akikiona kinang'aa, atafurahi hadi aseme, basi kaa nacho.

Nilifika shambani saa ya chakula cha mchana. Wanawake wachumaji, kama saba hivi, walikuwa wamekaa juu ya makreti, vidole vimekuwa vyeusi kwa zabibu. Walisogea waliponiona na kitabu, kama watu waliokuwa wanasubiri jambo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Ulikuwa unakisoma au unakila?"

Walicheka. Bibi akajifuta mikono kwenye khanga, akafungua picha ya kwanza. Akaisogeza kwenye mwanga. Akafungua ya pili, ya tatu, kisha akaanza kupekua haraka.

"Mwalimu," akasema, "watu wangu wako wapi?"

"Nimekisafisha, bibi. Kilikuwa na uchafu wa penseli."

Hakuna aliyecheka tena. Nyemo, aliyekuja kumsaidia mama yake siku ile, alinivuta kando. "Ule uchafu aliuandika mama," akaniambia.

Ndipo nilipoelezwa. Bibi hakujua Kiingereza, basi muuguzi alipoondoka alizitazama zile picha akatunga hadithi yake. Yule bwana mnene wa kofia ndefu alikuwa mchuuzi wa ng'ombe. Yule binti anayelia dirishani alikuwa amekataa kuozwa kwa mchuuzi huyo. Kila msimu wa zabibu, saa ya kupumzika, aliwasomea wachumaji, na kila msimu aliongeza mistari. Wengine walitoka Kolo, safari ya mbali, na walikuwa wanauliza habari za yule binti kabla hawajauliza habari za malipo.

Bibi hakupaza sauti. Ningefurahi kama angepaza.

"Hicho cha Kiingereza ulichokitunza," akauliza, "wenzako huko wanacho?"

"Wanacho, bibi. Vilichapwa vingi."

"Na changu?"

Mwanangu, nimefanya mitihani mingi. Swali lile ndilo pekee lililonifanya nitazame viatu vyangu.

"Keti," akasema. "Toa penseli."

Nikaketi juu ya kreti. Wakaanza kuikumbuka hadithi ili niiandike upya, Nyemo akinitajia maneno herufi kwa herufi kama mtoto wa darasa la kwanza, shahada yangu ikiwa imekaa palepale inaangalia.

"Huyu mwenye fimbo alikuwa shemeji yake binti," akasema mmoja.

"Mume! Msimu ule wewe ulikuwa umesinzia."

"Nisinzie, nani basi aliyekuwa anakuchekesha kwa kumwiga yule mchuuzi?"

"Mwalimu, andika vizuri, usije ukatusafisha tena!"

Tulimgeukia Bibi atuamulie. Akatikisa kichwa. "Mimi niliandika ili niruhusiwe kusahau," akasema, nami nikainama zaidi juu ya karatasi.

Hadi jua linatua tulikuwa tumerudisha picha ishirini na moja. Tatu hakuna aliyekumbuka zilisema nini. Nikajitolea, kwa upumbavu wangu wa mwisho wa siku ile, kutunga kitu cha kufaa.

"Usithubutu," Bibi akasema. "Hizo ziache hivyohivyo. Ndizo zako."

Kisha akaniwekea zabibu kwenye kikapu, zile nzuri za chini ya majani, kana kwamba nilikuwa nimefanya kazi njema. Hadi leo sijui kama ulikuwa msamaha au ujira wa karani, lakini nilizila nikilia na nilishukuru.

Bibi alipotutoka, Nyemo aliniletea kile kitabu nyumbani kwangu Miyuji, na agizo la mama yake: kikae kwangu, ila kila msimu kirudi shambani kisomwe. Nakipeleka. Siku hizi nakisoma mimi, kwa Kigogo nilichojifunza ukubwani, na wachumaji hucheka lafudhi yangu kabla hawajafika kwenye utani wa Bibi. Sijawahi kupewa heshima kubwa kuliko hiyo.

Vijana hunijia na vitabu vyao vya kale, wakaniuliza ufutio gani unafaa. Nawe utaniuliza. Basi nakuambia mapema: kusanya, penda vitu vizuri, usione haya. Ila ukikuta alama ya mkono wa mtu, jina, doa la mchuzi, maneno usiyoyaelewa, kwanza uliza ni ya nani. Usipopata wa kumwuliza, yaache yakusubiri ujifunze. Kisha nenda kafungue zile kurasa zangu tatu. Ni safi kabisa, na ndizo ninazozionea aibu kuliko zote kabatini.

Mungu akupe macho ya kuona kazi ya mtu kabla mkono wako haujaifikia. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, akujalie watu wema kama wale, watakaokusogezea kreti na kukuambia: keti, toa penseli.