Koroboi Ambayo Sikuishusha

Ipo siku moja, mwanangu, inayonijia kila niinamapo juu ya kisima, na sasa umri wangu umepita sabini. Siku hiyo rafiki yangu Hamza alikufa ili mimi nitoke nikiwa hai. Leo nakusimulia, maana nimeona nawe umefika umri wa kucheka tahadhari za wazee.

Kijiji chetu kiko nje kidogo ya Muheza, katikati ya michungwa. Hamza na mimi tulikuwa majirani, ukuta kwa ukuta. Mimi nilikuwa mtu wa madaftari, nimemaliza kidato cha nne, na hapakuwa na mtu kijijini ambaye sikumwambia. Yeye aliishia la saba, akawa mtu wa safari. Alidandia lori la machungwa akaenda Mombasa, akarudi baada ya majuma matatu na shati lisilo lake na hadithi za kutosha mwezi mzima. Alikwenda Pangani kwa miguu, akaunganisha mpaka Ushongo, kisa amemsikia mtu akisema huko hakuendeki bila gari. Aliingia mapango ya Amboni peke yake, akapita njia ambazo wenyeji huziacha.

Watu walipenda kusimulia jinsi alivyoingia pangoni. Hakuna aliyesimulia mfuko wake. Mimi niliuona: tochi mbili, na kitita cha kamba nyembamba ya katani. Aliifunga kamba ile mlangoni mwa pango, akaenda akiiachia nyuma yake ili imrudishe.

"Mimi huogopa kwanza," aliniambia. "Nikimaliza kuogopa ndipo naenda."

Nilicheka. Nilidhani ananitania.

Sasa, msikiti wetu ulikuwa na kisima cha zamani, kina cha pima nane. Bomba lilipokuja kijijini, kisima kikafunikwa kwa mbao na kusahauliwa. Bomba lilipokufa, tukakikumbuka. Ramadhani ilikuwa imekaribia, watu wanataka maji ya kutawadha, basi akaitwa Mzee Kombo, fundi wa visima, aje akisafishe. Mimi na Hamza tukawa vijana wake wa kazi.

Mzee Kombo alikuwa na desturi yake. Kabla mtu hajashuka, koroboi iliyowashwa hufungwa kamba na kuteremshwa mpaka chini, mkangoja kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Ikiendelea kuwaka, shukeni. Ikizimika, hashuki mtu. Kisima kinapepewa kwa matawi ya mwarobaini, yanapandishwa na kushushwa hata siku nzima, kisha koroboi inarudi tena. Alisema kisima nacho huvuta pumzi. Ukikifunika miaka, humaliza yake kikaitaka yako.

Mimi msomi nikaona haya ni mambo ya majini na mashetani. Na hapa ndipo ninapojionea haya zaidi, mwanangu: darasani mwalimu wetu alituonyesha mshumaa ukizimika ndani ya chupa yenye hewa chafu, nikaandika jibu, nikapata vema. Sikujua kwamba Mzee Kombo alikuwa akifundisha somo lilelile, bila chupa.

Asubuhi ile mzee alinipa koroboi niishushe, akaenda msikitini kuzungumza na imamu. Hamza alikwenda kuchukua kamba nene nyumbani kwa mzee. Nikabaki peke yangu. Niliitazama ile koroboi, nikaizima, nikaiweka kando. Sikuwa na sababu kubwa zaidi ya uvivu na kiburi. Waliporudi, mzee akauliza kama nimeishusha.

"Nimeishusha. Iliwaka vizuri tu."

Ulimi hauna mfupa, nao wangu siku ile ulijikunja kirahisi. Hamza alinitazama, akaniambia nisubiri anifunge kamba kiunoni. Nikamjibu mbele ya watu wawili watatu waliokuwa wamekuja kutazama, "Wewe si ndiye wa Amboni? Leo unaogopa maji ya kunawia miguu?" Watu wakacheka. Nikaanza kushuka kwa kukanyaga matundu ya ukutani, kiuno kitupu.

Nakumbuka harufu ya majani yaliyooza. Nakumbuka miguu yangu kuwa mizito kama si yangu. Yaliyofuata niliambiwa na Mzee Kombo.

Aliniita, sikuitika. Akasema koroboi imetudanganya, akaagiza matawi yakatwe, kisima kipepewe. Hamza alikuwa tayari anajifunga kamba kiunoni. Mzee akamshika mkono, akamkataza.

"Mzee wangu, niwie radhi," Hamza akamwambia. "Mwenzangu hana muda wa matawi. Nikitikisa mara mbili, vuteni."

Akavuta pumzi ndefu, akaenda. Alikuwa anaogopa, mzee aliniambia hivyo. Baada ya muda mfupi kamba ilitikisika mara mbili. Wakavuta kwa nguvu zao zote, na kilichotokea juu nilikuwa mimi. Hamza alikuwa amelifungua fundo lake kiunoni akalifunga kwangu. Waliirudisha kamba chini upesi, wakaita, wakaita. Hapakuwa na mkono wa kuishika. Walimtoa alasiri, koroboi ilipokubali kuwaka.

Mwanangu, hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. La pili lilikuwa baya zaidi, kwa sababu nililifanya nikiwa na akili zangu.

Matangani watu walianza kusema. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, alisema mmoja. Mwingine akasema Hamza alikuwa na haraka ya kila kitu, hata ya kufa. Kama angemsikiliza mzee angekuwa hai. Mama yake alikuwa ndani, anasikia. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani, nimeinamisha kichwa, na watu wakadhani ni huzuni. Mzee Kombo naye aligawa vifaa vyake. Alisema fundi ambaye koroboi yake imemdanganya hana haki ya kumshusha mtoto wa mtu. Koroboi haikumdanganya mtu yeyote. Mimi ndiye niliyedanganya.

Nilinyamaza siku thelathini na tisa. Siku ya arobaini, baada ya hitma, kabla sinia hazijaletwa, nilisimama. Nikasema yote: koroboi, uongo, dhihaka, kiuno kitupu. Mzee Kombo alifunika uso kwa mikono, akalia, nadhani kwa kutuliwa mzigo uliokuwa wangu.

Mama Hamza aliniita ndani. Nilitegemea anilaani, na ningeitikia amina. Aliingia chumbani akatoka na kile kitita cha kamba ya katani, akaniwekea mapajani.

"Mwanangu alikuwa na akili," akasema. "Leo umenirudishia hilo. Sasa pumzi aliyokuachia, usiipoteze kwa kulia. Kesho niletee maji."

Nilimletea kesho yake, na kila siku mpaka nilipomzika, na nilimzika kama mama yangu. Nimeoa, nimezaa, nimekula machungwa ya misimu zaidi ya hamsini ambayo hayakuwa haki yangu. Kila nikiamka na kuvuta hewa, husema alhamdulillahi, kisha humtaja Hamza. Majuto ninayo, sikufichi, lakini shukrani imeyazidi. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na wangu alinifaa nilipokuwa sistahili.

Basi shika haya. Usimwite mwoga mtu anayetazama kabla ya kukanyaga. Huenda ndiye atakayekufuata shimoni. Ukielezwa jambo na mzee kwa lugha ya kizamani, usilitupe kabla hujalipima. Na ukikosea, sema mapema, kwa kinywa chako mwenyewe, kabla lawama haijamwangukia aliye kaburini asiyeweza kujibu. Mimi nilichelewa siku arobaini, na kila siku moja kati ya hizo ilimla mama wa mtu.

Mola akupe rafiki wa kukushukia kisimani, nawe akujaalie usimpe kamwe sababu ya kushuka. Amina.