Gagulo Langu Lilipokwenda Kreta

Mimi niliishia darasa la nne, lakini maji machafu nayajua nikiyaona. Chemchemi yetu hapa Ganako iko bondeni, chini ya shamba langu. Asubuhi moja ndama wangu aliyanusa maji akarudi nyuma bila kunywa. Nikainama, nikaona utando wa oili unachezacheza juu.

Sikuhitaji kuuliza. Juu kidogo ya chemchemi, mume wa binti yangu wa pili alikuwa amefungua sehemu ya kuosha magari ya watalii. Yanashuka kutoka Ngorongoro yamejaa vumbi, yeye anavuta maji kwa pampu, anaosha, na uchafu wote unateremka kwetu.

Sasa huyu mkwe ni kijana mzuri. Ana bidii, na binti yangu ananenepa. Ila kwetu mama mkwe habishani na mkwe wake wa kiume. Hatuli pamoja. Tukikutana njiani ananipisha na kuniamkia macho yakiwa kwenye majani. Nikamtuma binti. Jibu likaja kwamba amesikia, na magari yakaendelea. Tukaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, akasema atalifanyia kazi. Mpaka leo analifanyia kazi.

Jirani yangu mmoja, mjane asiye na breki mdomoni, aliniambia tukitoka jumuiya, "Wewe kinachokuziba mdomo ni heshima. Basi mpelekee hiyo heshima yenyewe, mpaka mlangoni kwake."

Nikamwuliza ana maana gani. Akasema tukafue nguo kwa mkwe, palepale anapooshea magari.

Jumamosi, siku magari yanapojaa, tukashuka akina mama wa jumuiya na mabeseni kichwani. Wengi tuna wakwe, na vijana wanaoosha pale ni wakwe zetu au wanatarajia kuwa. Hatukubeba mashuka. Tulibeba zile nguo ambazo mwanamke mwenye heshima huzianika nyuma ya nyumba. Na chemchemi hatukuigusa. Nalisema hili kwa sababu kuna watu walitusingizia baadaye. Tulichota maji kwenye mapipa yake, tukafulia juu mahali pakavu, mbali na mkondo. Kamba hatukuwa nayo, kwa hiyo tukaanika kwenye magari: kwenye vioo, kwenye bampa, kwenye milango. Gagulo langu jeupe la kanisani nililitandaza juu ya tairi la akiba, nyuma ya gari moja kubwa.

Mkwe akatoka bandani na mpira wa maji mkononi. Akaona nguo. Akaniona mimi. Mpira ukaanguka, akajifunika uso kwa kofia na kurudi kinyumenyume mpaka kwenye migomba. Vijana wake wakamfuata, kila mmoja akitazama mbingu. Mpira ukabaki unamwaga maji ovyo, jirani yangu akaenda kufunga bomba.

Kutoka migombani akampigia simu mkewe. Binti yangu akaja, akacheka mpaka akashikilia nguzo ya banda. Ndipo akawa mjumbe, mara kwetu, mara migombani.

"Mama, anasema shikamoo."

"Marahaba. Mwambie tunafua."

Akaenda, akarudi. "Anauliza mtamaliza saa ngapi."

"Mwambie nguo ni nyingi, na kwa baridi hii ya Karatu zinakauka polepole."

Tukaimba nyimbo za palizi. Wageni wa kizungu waliokuwa wakingoja gari lao wakapiga makofi bila kujua wanachoshangilia. Dereva wao alikuwa amechelewa. Akaondoa nguo za mbele kwa ncha za vidole, akapakia watu wake, akawasha. Ya nyuma hakuiona. Nikalitazama gagulo langu likipanda kilima kuelekea Ngorongoro, mimi ambaye Kreta sijawahi kuingia.

Jioni dereva alilirudisha limekunjwa vizuri kwenye mfuko wa karatasi, jekundu kwa vumbi. Getini, alisema, askari alimwuliza hiyo ni bendera ya nchi gani. Naye akajibu ni ya mama mkwe wa muosha magari wa Ganako. Habari ikashuka na magari mengine, na kabla ya giza gereji zote za Karatu zilikuwa nayo. Kila dereva aliyeleta gari akawa anamwuliza mkwe kama leo wameanika.

Hapo akaishiwa nguvu. Akamtuma baba yake mdogo kwangu na asali, kama inavyotakiwa. Nikamwambia mzee asali naipokea, lakini nililotaka ni maji. Akasema kijana atahamia juu, kando ya barabara kuu, na maji machafu atayachimbia shimo la kokoto. Nikamwambia achague siku.

Siku hiyo tulikwenda walewale, na nyimbo zilezile, safari hii tumebeba mawe. Mkwe alichimba upande wa pili wa shimo, amenipa mgongo kutwa nzima. Kazi yake ni safi, nilimsifia kwa binti.

Ndama sasa ni ng'ombe, na anakunywa mpaka tumbo linalia. Mara mojamoja dereva mgeni hushuka bondeni akitafuta maji ya bure. Kwa hiyo gagulo lile nimelitundika kwenye waya, pale njia inapoingia chemchemini. Vumbi la Kreta halijatoka lote. Magari yanafika pale, yanasimama kidogo, yanageuza.