Mawese kwenye Fishi za Jeep

Nikiri tu mapema, kabla majirani hawajanitangulia: nilipaka mawese kwenye waya za jeep. Tena si kidogo. Nilichovya kidole kwenye chupa ya jikoni kama mtu anayeonja mchuzi.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, kazi yangu naifanyia mlangoni mwa lupango, kiwanja chenye nyumba yetu. Nilimaliza sekondari nikidhani nitaiona dunia; dunia nimeionea hapa kwenye kiti, nikisubiri ipite na taa zake zimekufa. Hata Ubwari, ambayo naiona kila asubuhi ng'ambo ya maji, sijawahi kufika.

Halafu akaja huyu bwana. Mkimbizi wa Burundi, alitoka kambi ya Lusenda, akakodi baraza ya nyumba inayonitazama ng'ambo ya barabara. Rika langu kabisa, ila tumbo hana, na hilo nalo liliniuma. Alikuja na ufundi wa fishi zisizoingiza maji, zile za kuunganisha waya, zenye kampira kadogo kwa kila waya. Magari yaendayo Misisi, kwenye machimbo ya dhahabu, hupita mitoni, maji yanafika mpaka kwenye injini, na fishi za kawaida zinakufa hapo hapo. Ghafla kila gari likawa linageuza kwake. Mimi nikabaki kutazama migongo.

Kwangu ilibaki jeep moja. Shofere wake nilikuwa naye tangu jeep ikiwa na rangi. Siku moja akasimama.

"Fundi, unaweza kunitilia zile fishi, ama nivuke kwa ule mwenzako?"

"Mwenzangu nani? Mi nilikuwa nazitia zamani, mbele ule hajajua Baraka iko wapi."

Uongo mtupu. Nilimwambia aniachie jeep siku mbili, kisha nikajibanza nyuma ya ua wa matete kumchungulia mwenzangu. Mke wangu akapita na ndoo.

"Baba batoto, si uvuke umuulize?"

"Nimuulize nini? Naangalia mvua."

Ilikuwa kiangazi.

Niliona yote. Anavisha kampira kwenye waya kwanza, ndipo anachuna ncha, anabana kichuma kwenye ncha hiyo kwa pensi, ile koleo yake, anasukuma ndani ya fishi mpaka inalia ka!, halafu anaivuta kuijaribu. Kitu kimoja tu kilinishinda: kila kampira alikachovya kwanza kwenye kopo. Niliporudi kwa jeep na fishi nilizonunua sokoni nikajua kwa nini, maana mpira mkavu uligoma kabisa kupita kwenye waya. Sasa kopo lilikuwa na nini? Kwetu Fizi kitu kisichotaka kuteleza tunakipaka mawese: bawaba, mnyororo wa baiskeli, hata koo la mtoto mwenye kikohozi. Sikuhitaji mtu wa Lusenda anifundishe mafuta.

Jeep ilivuka mito yote bila taa hata moja kuzima. Nilipiga kifua. Lakini kule Misisi panya walinusa. Iliporudi wiki iliyofuata, waya zilikuwa zimetafunwa pale pale nilipopitisha kidole, na shofere akapita mlangoni kwangu bila hata kupiga honi, akaenda kusimama kule.

Nikavuka barabara. Hatua kumi na mbili. Sikuwa nimezipiga tangu huyo mtu aje.

Nilimkuta ameshika fishi yangu, anainusa.

"Mukubwa, hii si mawese?"

"We unachovyaga nini?"

Akaniinamishia kopo. Maji. Maji safi ya kunywa.

"Lakini kubana, umebana muzuri sana," akasema, kwa heshima zote. Angenicheka, ningepona haraka.

Shofere alikuwa anatazama matairi yake. "Fundi, usikasirike. Jeep itabakia kwa uyu."

Nilirudi kwenye kiti changu, nikakigeuza kielekee ukuta. Karibu na mlango wangu mama jirani alikuwa anakaanga ndagala zake za kuuza, wale dagaa wa ziwani. Alikuwa ameona kila kitu, na kijiko hakikusimama hata kidogo mkononi mwake aliponiambia:

"Papa, ule anakupita kazi. Nuna leo mpaka umalize. Kesho uende akufundishe."