Picha ya Kumwita Mwana

Tangu serikali iruhusu biashara huria na flashi za kamera za bei rahisi zijae Mwanza, jirani yangu hapa Bariadi amegeuza sebule yake studio. Mwezi uliopita nilikuwa pale nikisubiri picha za pasipoti, akaingia mama mmoja wa Lalago, akamrudishia jirani picha aliyompiga.

"Mayu," mpiga picha akamwita mama kwa Kisukuma, "si umetoka vizuri?" Flashi alikuwa ameielekeza kwenye shuka jeupe ukutani, mwanga ukarudi laini na mikunjo ya uso ikapotea.

"Ndiyo ubaya wake," mama akasema. "Inakwenda kwa mwanangu Dar. Miaka minne hajaja. Akiniona nimenawiri hivi, ataongeza mingine minne."

Jirani akaifunga flashi kwenye mpini wa jembe, akaisimamisha ubavuni mwa mama. Mama akalegeza mashavu, akainamisha shingo. Kila mkunjo ukajitokeza.

Wiki mbili baadaye mwana alishuka Lalago na glukosi na blanketi, akamkuta mama yake anapalilia pamba.

Jirani ananiambia wamama watatu wameshaulizia taa ya pembeni. Mama yangu yuko Maswa. Jumamosi nilikwenda kumsalimia, kabla hajapata nauli ya kuja studio.