Permi ya Marehemu

Wakati huo nilikuwa mkaguzi wa magari kwenye kizuizi cha barabara, pale unapotoka Kolwezi kuelekea Tenke. Kila lori lenye madini lilipaswa kusimama. Nilitazama breki na matairi, kisha nikasoma karatasi za gari na leseni ya dereva, ambayo kwetu kila mtu anaiita permi.

Mwanzoni mwa kiangazi lori moja lilipinduka karibu na Tenke, nikatumwa kuandika ripoti. Dereva alikuwa amelala kando ya barabara, uso wake mzima kama mtu aliyesinzia, na kovu fupi likikata nyusi ya kushoto. Nilimfunika mwenyewe kwa kitambaa. Kwa sheria, permi ya marehemu hurudishwa ofisini ifutwe. Lakini mjane wake aliniomba abaki nayo, kwa kuwa hawakuwa na picha nyingine ya kuweka juu ya sanduku la maiti. Nikampa, nikijiambia kwamba nitaifuata baada ya mazishi. Sikuifuata.

Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja upepo ulileta vumbi jeupe kutoka kwenye marundo ya mabaki ya madini ya Kingamyambo, hata jua likafifia. Lori likatokea polepole ndani ya weupe ule, likasimama. Dereva akashusha kioo. Alikuwa yeye.

Akaninyooshea permi. Nilisoma jina nililokuwa nimeliandika kwenye ripoti ya ajali. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi, kwa hiyo nikamwambia apanguse uso. Akapangusa taratibu kwa kiganja. Hakukuwa na kovu.

Nilimuuliza yeye ni nani. Akataja jina la kwenye permi. Nikamwambia kwamba mtu huyo nilimfunika kwa mikono yangu. Akazima injini.

"Tata, tulizaliwa mapasa," akasema.

Pacha wake ndiye aliyemfundisha kuendesha, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kufanya mtihani wa permi. Baada ya mazishi alichukua permi kwa mjane, na mwenye lori mmoja aliyetaka dereva upesi hakuchunguza picha. Safari ya kwanza, akina mama wauza mihogo wa Tenke walimwita kwa jina la ndugu yake, akaitika ili asijifichue. Baadaye akawa anaitika bila kufikiri. Watoto wa marehemu walimkimbilia wakimwita tata, kama baba yao. Kilichomtisha ni kwamba wiki ile mjane, mama yao, alikuwa amemwita kutoka nyuma kwa jina lake la kuzaliwa, naye hakugeuka.

Nilibaki nimeshika permi. Akaitazama mkononi mwangu.

"Mukikamata ile permi, njo ndugu yangu atakufa kabisa," akasema. "Mukiniachia yo, ni mi njo nitakufa."

Niliichukua. Nikaandika ripoti ya pili, na ndani yake nikaandika pia kosa langu. Lori lilikaa pale hadi lilipoletewa dereva mwingine, na yule pacha akarudi mjini kwa miguu, akizama katika vumbi. Mkuu wangu alinikaripia, akanihamishia chumba cha mafaili kwa majuma kadhaa.

Ndipo nilipomwona tena, amekuja kuomba permi yake mwenyewe. Alifaulu mtihani, lakini karani alirudisha faili lake mara mbili, akidai kwamba uso ule tayari uko kati ya waliofutwa kwa kufa. Nilikwenda mezani kwake nikaeleza kuwa walikuwa watu wawili, na kwamba mmoja nilimwona amekufa. Karani alimtazama yule kijana, akazitazama picha, akaniomba niyaandike hayo na kuweka sahihi. Nikaweka.

Nilipokuwa nimerudishwa barabarani, alipita akiendesha lori jingine. Permi ilikuwa mpya, yenye jina lake mwenyewe. Nikamuuliza jina, kama tunavyomuuliza kila dereva.

 Aliinama dirishani, akaitazama permi iliyokuwa mkononi mwangu, kisha akanisomea jina lake.