Mehikari Haliwi Bila Mifupa

Kusano Tomie alipika katika jiko la shule hapa Iwaki, Japani, kwa miaka ishirini. Kinu cha nyuklia kilipolipuka aliacha mwiko, akaja kwenye maabara yetu ya akina mama, tunakopima mionzi kwenye chakula, kujifunza asidi na mizani. Mikono yake ni ya dhahabu, ulimi wake pilipili.

Siku moja mdogo wake Shigeki, mwenyekiti wa chama cha wavuvi, alileta boksi la mehikari, wale samaki wadogo wa macho makubwa. Alitaka cheti kwamba watoto wa shule wanaweza kuwala Ijumaa. Tomie akafunua: minofu mitupu, imeoshwa ikatakata.

"Mifupa iko wapi?"

"Ofisi ya serikali ndivyo inavyopima, dada. We saini tu, watoto wale."

"Shigeki, mehikari umemla lini bila mifupa? Mama alikuwa anatukaangia mzima, kichwa na mkia, unatafuna mpaka jirani anasikia. Leo umekuwa bwana mkubwa wa minofu?"

"Unatuua kwa njaa sisi wavuvi, dada."

"Kalete samaki wazima. Hii minofu wapelekee hao wa ofisini, waile wao."

Nami nilikasirika, sifichi. Strontiamu, sumu ya mionzi iliyotoka kwenye kinu, hujifanya chokaa, ikaenda kukaa mfupani. Kuitafuta kwenye mnofu ni kumtafuta mwizi sebuleni huku unajua yuko darini. Na ofisini wanajua.

Shigeki alirudi na samaki wazima, kanuna. Tukawachoma hadi majivu, tukayayeyusha kwa asidi, tukaitenga strontiamu na chokaa, kazi ya siku nyingi. Kisha tukaiacha wiki mbili izae mtoto wake, yaani elementi nyingine inayotokana nayo, maana mionzi ya mtoto huyo ndiyo tunayopima. Ijumaa ikapita, watoto wakala kuku. Sokoni wake wa wavuvi wakampa Tomie mgongo, na mmoja akasema asikie, "Kikulacho ki nguoni mwako." Siku hiyo alifika kazini macho mekundu, akaosha vyombo vyote vya maabara, hata vilivyokuwa safi.

Majibu yakatoka. Mashine haikuona kitu.

Shigeki akacheka. "Si nilikwambia?"

"Hukuniambia," Tomie alisema, akichukua kalamu. "Ulibahatisha. Ulibahatisha kwa midomo ya watoto wa watu, na safari hii umepona."

Akasaini, akamsukumia karatasi. Shigeki aliichukua, akaondoka bila kuaga.